Mtu Anayecheka

Jumatatu, tarehe 28 Mei 1979. Mvua ilinyesha Koboko tangu alfajiri, na barabara ya mpakani ilikuwa tope tupu.

Kila mtu alikuwa anakimbilia Sudan kwa sababu ya vita. Zubeiri peke yake alikuwa anaingia mjini. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Arua, na chini ya shati lake alibeba picha moja.

Zubeiri alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Oli, huko Arua. Kwa miaka ishirini alikusanya picha za askari wa karne iliyopita, wale waliotoka Sudan na kuwazaa Wanubi. Wiki iliyopita alichoma picha thelathini. Mkewe Madinah alisema jeshi linalokuja likikuta picha ya mtu mwenye bunduki, hata kama alikufa zamani, litamaliza nyumba nzima. Madinah alivuka kwenda Zaire na watoto. Zubeiri alisema atawafuata.

Hii moja ilimshinda kuichoma. Katika zile nyingine watu walisimama wima kama nguzo, kwa kuwa mpiga picha aliwaamuru wasitikisike, maana anayetikisika hufifia. Katika hii mtu hakujua anapigwa picha. Amekalia mzigo uliofunikwa ngozi, kikombe mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kila kitu ni wazi, hata ufa wa kikombe. Mzigo tu ndio umefifia, na Zubeiri aliona ni ubovu wa karatasi.

"Babu yako yumo humu," mama yake, Kaltumu, alimwambia siku aliyokufa. Jina hakulitaja. Tangu siku hiyo Zubeiri alimwombea babu yake bila jina, na kila mara aliona dua haijakamilika. Aliyebaki wa kumwuliza alikuwa bibi kizee Hawah, maana Kaltumu alikulia nyumbani kwa wazazi wa Hawah.

Alimkuta ameketi juu ya godoro mlangoni, anangoja lori, akamweleza kilichomleta.

"Mtoto ya Kaltumu! Watu nakimbia, wewe naleta picha? Kichwa yako iko sawa?"

"Nipe mimi jina tu, Mama. Halafu mimi narudi kwa watoto."

"Narudi na njia gani? Barabara ya Arua askari walifunga leo asubuhi."

Maji ya mvua yalimtiririka Zubeiri usoni. Kisha akaitoa picha.

"Jina tu, Mama."

Hawah aliisogeza karibu na macho. Lori likapiga honi.

"Mama, panda! Godoro yako nakula nafasi ya watu kumi," alipaza sauti jirani yake, Mogga, aliyekuwa akipakia masanduku pamoja na mkewe Paska.

"Ngoja! Kuja hapa, ninyi wawili. Nataka mutu nasikia hii maneno, kama mimi nakufa njiani."

Wakaja, wamelowa, wakasimama kando yake. Hawah akaweka kidole juu ya mdomo wa yule anayecheka.

"Huyu ni Farajallah. Huyu ni baba yangu."

"Farajallah," alisema Zubeiri. Alilitamka tena, polepole, na machozi yakamtoka. "Basi mimi na wewe iko damu moja, Mama! Miaka yote hii!"

Hawah hakumtazama. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye mzigo uliofifia.

"Wewe hapana damu yetu. Babu yako iko hapa chini, na jina yake kwetu hakuna mutu aliuliza. Mogga, Paska, ninyi ni mashahidi: mpaka siku nakufa, kila swala mimi nitaomba Mungu asamehe baba yangu, sababu hii kitu alikalia, hii ni mutu."