Kisanduku Chini ya Dashibodi

Gari lilizimika ghafla kabla ya kufika hospitali ya Malindi, na mke wa Karisa, aliyelala kiti cha nyuma, akashika tumbo. "Mume wangu, mtoto huyu hangoji."

Karisa alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha chumvi, Marereni. Gari hilo la meneja lilikuwa la kisasa, lenye kisanduku cha bati chini ya dashibodi, ambacho mafundi walikiita ubongo. Hicho ndicho kilichopokea habari za joto na hewa kutoka kwenye injini, kikaamua petroli imwagwe kiasi gani. Meneja alikuwa amemkanya: "Usikiguse abadani."

Karisa alizima swichi, akapiga magoti, akaichomoa soketi ya nyaya zilizoingia kisandukuni. Vijino vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani kwa ile hewa ya chumvi.

"Nipe upindo wa kanga yako."

Alivifuta kimoja kimoja, taratibu, kama anayempangusa mtoto macho, kisha akairudisha soketi mpaka ikalia ta!

"Ee Mungu," alinong'ona, akageuza ufunguo.

Injini ikanguruma. Karisa alicheka huku machozi yakimtoka. Mkewe naye akacheka, halafu akapiga ukelele.

"Twende, baba! Twende!"