Pete ya Baba Askofu

Kwa heshima zote, Mhashamu Askofu Mkuu alikabidhiwa mwiko uliofungwa utepe, akaruhusiwa kuweka tofali moja tu, kwa ajili ya picha.

Yeye, mmisionari aliyejenga makanisa kwa mikono yake, kabla hawajamvika kofia ndefu na kumfungia vikaoni.

"Sista, nivue hii pete. Leo najenga ukuta mzima."

Sista alipaka sabuni ya mafundi kwenye kidole kilichovimba, akavuta. "Imegoma, Baba. Na wageni wanasubiri hotuba."

"Wasubiri. Wewe vuta."

Pete ilichomoka ghafla, ikatumbukia kwenye saruji mbichi, kando ya tofali lake.

"Mungu wangu. Iokote, Baba, inazama."

Askofu Mkuu aliitazama ikizama, kisha akachukua tofali la pili.