Kimya cha Kukubali

Najwa aliandika amri ya kuunda kundi la wapima maziwa, akabonyeza Enter. Kompyuta ya ushirika wa Ndabibi haikusema kitu. Kimstari kiliwakawaka tu kwenye kioo cheusi.

"Imekataa?" mwenyekiti akauliza. Tangu zamani ofisi nzima ilitumia paswodi yake moja, na kila mtu alifungua faili za kila mtu.

"Hapana, mzee. Ikikataa ndipo huongea. Kundi liko tayari."

Mamake Najwa, aliyevaa buibui la Idd kuja kuona kazi ya bintiye, akacheka taratibu. "Kumbe ni kama bibi harusi akiombwa idhini. Akinyamaza, amekubali. Na huyu anayeisomesha ni wangu mimi."

Najwa akanyoosha mgongo kama aliyevikwa taji.

"Sasa naifuta ile paswodi yako, mzee. Kila mtu ataingia kwa jina lake na kufungua faili za kundi lake tu. Hata wewe. Niendelee?"

Mwenyekiti akatazama kioo, kisha gambuti zake zenye matope. Hakujibu.

Mama na binti wakatazamana. Najwa akabonyeza.