Namba Moja ya Mke Wake

Filamu aliyoiweka mkewe namba moja, yeye hakuwahi kuiona.

Fundi saa aliisoma orodha upya. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. *Mvua ya Alasiri Ile* ilikuwa pale pale juu, imezikalia filamu nyingine zote za mwaka. *Mpangaji wa Juu*, aliyoipenda yeye kuliko zote, mkewe alikuwa ameitupa huko chini, na hilo halikumuuma. Kila mwisho wa mwaka walibadilishana orodha baada ya chai, wakagombana kwa raha zao mpaka jioni. Sheria ilikuwa moja tu, tangu walipooana: haiingii filamu ambayo hawakuitazama pamoja, ukumbini, bega kwa bega.

"Mama watoto, hii tuliiona lini?"

Mkewe alikuwa dirishani, anashona namba yake ya simu ndani ya ukosi wa koti la mumewe. Mwaka huu ameishona kwenye kila vazi la mzee, kwa uzi mwekundu, eti dobi mpya anachanganya nguo za watu. Sindano ikasimama.

"Basi nimechanganya, mzee wangu. Ifute tu."

Ifute tu! Mwanamke aliyewahi kumnunia siku nzima kwa ajili ya filamu ya nafasi ya nane, leo anasalimu amri bila hata kubisha?

"Mtu hachanganyi namba moja," alisema. "Ya sita, ya saba, sawa. Namba moja?"

"Nimesema ifute." Na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kuanzia hapo fundi saa hakukaa wala hakusimama. Akaenda mlangoni, akarudi. Akafungua kabati, akalifunga. Tangu wanawe wamfungie duka kwa kisingizio cha macho, mchana ulikuwa mrefu na mawazo yake hayakuwa na kazi, na sasa yamepata. Akakumbuka mkewe anavyoongea na simu kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza yeye akiingia. Akakumbuka swali la kila asubuhi, "Leo utakuwa wapi?", kama la mtu anayepanga ratiba zake. Wivu ulimpanda, na hakuona haya kuuita kwa jina lake. Uzee wote ule, na alikuwa na wivu wa kijana.

Alipofuata koti, mkewe aliinuka. "Unakwenda wapi?"

"Kununua betri."

"Ngoja nivae viatu, tufuatane."

"Betri moja inabebwa na watu wawili?"

"Mzee wangu, nisubiri tu."

Anachunga nisikutane na nani? Alimsubiri aingie chumbani, akachomokea mlango wa jikoni, koti mkononi, kichwa wazi. Kofia yake ya kijivu iliibwa kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikana mpaka wakakosana.

Barabarani alikwenda kama anayefukuzwa. Hasira zikampitisha kona ya sinema, ikabidi arudi nyuma.

Onyesho la mchana lilikuwa limekwisha. Ukumbini hapakuwa na mtu ila mfagiaji, mama mmoja mchangamfu, anakusanya vikombe vya karatasi chini ya viti.

"Shikamoo, baba. Tumefunga mpaka jioni."

"Marahaba. Sikuja kutazama." Akamwonyesha picha iliyokuwa kwenye pochi. "Huyu unamjua?"

Mfagiaji akaisogeza kwenye mwanga, uso ukamchanua. "Huyu mama? Simsahau huyu! Siku ile ya *Mvua ya Alasiri Ile*."

Fundi saa alimsogelea. "Alikuja peke yake?"

"Peke yake wapi! Na bwana wake. We baba, acha tu." Mfagiaji aliegemea ufagio, tayari kwa hadithi. "Watu wametoka wote, mimi naingia nifagie, nawakuta hapo kati ya viti. Yule bwana kapiga goti, kanipa mgongo, kamshika mama mkono. Anamwomba amuoe!"

"Na yeye?"

"Alicheka huku analia. Akamwambia, ndiyo, nitaolewa na wewe. Mimi nilijibanza nyuma ya pazia, nalia kama nimefiwa."

Fundi saa alishika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu. Watoto waliowalea, wajukuu, kitanda kimoja tangu ujana, na mkewe amemjibu mtu ndiyo katika ukumbi huu huu, labda kwenye viti vyao wenyewe. Aliumia. Lakini alitaka kumjua. Angemfuata popote alipo, wakaonane uso kwa uso.

"Huyo bwana yukoje?"

"Sura sikuiona. Walitokea mlango wa mbele, wameshikana mikono kama wachumba. Ila alisahau kofia yake kitini. Niliwakimbilia mpaka nje, sikuwapata." Akafungua kabati la vitu vilivyosahauliwa, akasogeza miavuli na kiatu kimoja cha mtoto, akatoa kofia. "Kama unamfahamu, baba, mpelekee. Namwombea heri."

Ilikuwa ya kijivu. Fundi saa aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza ndani atafute jina la mwenyewe, na pale ukingoni mwa bitana, kwa uzi mwekundu, akaikuta namba ya simu ya mkewe.