Muhanga Apanda Jukwaani

Vichekesho vyote vya porini alikuwa akivitunga Muhanga, na Komba ndiye aliyeviigiza. Lakini wanyama walipocheka, walimsifu Komba peke yake. Sifa hizo zilimchoma Muhanga hadi akakosa hamu ya kula mchwa. Basi akatunga mchezo usio na mzaha wowote, ili mwenzake azomewe. Ulihusu mnyama aliyeketi shimoni, amenuna kwa sababu jirani yake amesifiwa.

Komba alipousoma alishangaa. "Kaka, sasa hapa wenzetu watacheka nini?"

"Si wewe ndiye bingwa?" akajibu Muhanga. "Haya, wachekeshe."

Komba akapanda jukwaani. Akavimbisha mashavu, akanuna, akaziba masikio kila jirani aliposhangiliwa. Wanyama wakacheka hadi machozi, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole: "Huyo ni wewe!"

Nyuma ya pazia, Muhanga alishindwa kuvumilia. Akatoka mbio akipiga kelele, "Komba, umenidhalilisha! Mnayemcheka ni mimi!"

Kicheko kikakatika. Wanyama wote wakamgeukia, maana hadi hapo hakuna aliyekuwa amejua, hata Komba mwenyewe.