Modemu Iliyoitika

Kokulinda alihangaika tangu asubuhi na modemu ya simu ya waya ya mumewe, aliyezama ziwani pale Nyegezi na mwili usionekane. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, iligoma kukitambua kifaa hicho cha kuiunganisha na laini ya simu, mpaka alipoandika amri ya mwisho: simu ikiita, ipokee papo hapo.

Taa ya kijani ikawaka. Akashangilia.

Simu ikaita.

Mama yake alimfundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Wafu hawarudii kuita.

Lakini modemu ilikwisha kuitika, ikikoroma na kupiga miluzi.

Akaufuata waya kwa vidole hadi nje ya dirisha. Ulikuwa umekatwa, ncha imeota kutu.

Aliporudi, herufi zilikuwa zinajiandika kwenye skrini.

“Koku, afadhali umeitika. Nifungulie mlango, nimelowa.”