Mlio wa Pampu

"Shemeji, hebu sikiliza." Mume wa dada yake alikuwa kwenye simu, katikati ya bwawa la Nyumba ya Mungu, akibonyeza kitufe cha kuinua injini ya boti.

Sifael, kihambani kwake Mwika, kwenye shamba la migomba la nyumbani, alibana simu sikioni. Pampu ya kuinulia injini ililia kama ndama, kisha ikakwaruza. Kwa mlio huo alijua oili imevuja yote. Juzi tu aliitengeneza yeye mwenyewe, boti ikiwa hapa uani kwake.

"Haiinuki, na upepo unatusukuma kwenye visiki. Niko na dada yako na mtoto."

"Zima! Haipandi hiyo. Shikeni makasia, haraka!"

Vitu vilisikika vikipekuliwa botini. Kisha sauti ya dada yake: "Kaka, makasia hayamo."

Sifael aliinua macho. Mgomba wake ulikuwa na mkungu mzito. Juzi, ili usianguke, aliutegemeza kwa makasia mawili ya boti ile.

"Kaka, upo?"